Hamira ikila, uji wake hubadilika

Barua nyingi zinazofika kwenye meza hii huwa za maswali ya haraka: maziwa yakimwagika juu ya jiko yasafishwe na nini, mchele wenye wadudu wadogo unafaa kuliwa au la. Lakini moja imenikalisha chini kwa siku tatu. Imetoka kwa msichana wa shule ya upili hapa Nairobi. Mama yake hupika vitumbua na mkate wa kumimina vya kuuza alfajiri, na kazi ya kukoroga hamira usiku ni ya binti huyo. Kwa kuikoroga kila siku aliona jambo: mchanganyiko wa usiku haumiminiki sawa na ule ule ukifika alfajiri. Basi akalifanya hilo mradi wake wa maonyesho ya sayansi shuleni. Alichukua hamira, maji ya uvuguvugu na sukari, akahesabu sekunde ambazo uji huo ulichukua kupita kwenye tundu alilotoboa katika kifuniko cha chupa. Kila alipopima, alipata jibu jipya.

Mwalimu alilitazama jedwali lake akamwambia kwamba namba hizo zimepikwa, na kwamba mradi hautapelekwa mbele mpaka zifanane. Swali la binti huyu ni fupi: "Je, nizifanye zifanane?"

La, mwanangu. Usiguse hata namba moja. Huenda hizo namba zisizokubaliana ndizo zilizo kweli, na nitakueleza kwa nini, pamoja na wasomaji wengine ambao hamira wanaijua kwa mandazi tu.

Tuanze na kile kilichomo ndani ya jagi. Hamira si dawa wala si unga. Ni viumbe hai, jamii ya kuvu, kila kimoja seli moja pekee. Upana wa seli hiyo ni kama sehemu tano za elfu ya milimita, maana yake ukizipanga mstari, seli 200 zinaenea katika milimita moja ya rula yako. Gramu moja ya hamira kavu ina seli zipatazo bilioni 20. Ukimimina pakiti ya gramu 10 katika kikombe cha maji, umeingiza seli bilioni 200, na hazikuyeyuka kama chumvi inavyoyeyuka. Zinaelea. Kila moja ni mfuko mdogo wenye ukuta, umejaa maji na chakula, na maji ya nje hayana budi kupita kandokando yake kila unapomimina.

Huko kupita kandokando ndiko kunakozaa uzito tunaouona. Maji yana ukaidi wao dhidi ya kutiririka, ambao wataalamu huuita mnato. Asali ina mnato mwingi, chai haina. Ukitia chembe zinazoelea ndani ya maji, mnato huongezeka hata kama chembe zenyewe hazinati, kwa sababu zinayazuia maji kwenda moja kwa moja.

Aliyetafuta kanuni ya jambo hili ni Albert Einstein, na alianza na sukari ndani ya maji. Katika tasnifu yake ya mwaka 1905 kwa Chuo Kikuu cha Zurich, alitaka kujua ukubwa wa molekuli za sukari kwa kuangalia jinsi zinavyoongeza mnato wa maji. Alikokotoa ongezeko ambalo chembe za mviringo huleta kulingana na nafasi zinayochukua. Baadaye, huko Paris, Jacques Bancelin alipima chembe ndani ya maji na namba zake zikakataa kabisa kukubaliana na hesabu hiyo. Hakuambiwa kwamba amezipika. Hesabu ndiyo iliyorudiwa: Ludwig Hopf akagundua kosa ndani yake, na mwaka 1911 masahihisho yakachapishwa. Namba sahihi ni 2.5. Yaani chembe zikichukua asilimia 4 ya nafasi ndani ya majimaji, mnato huongezeka kwa asilimia 10.

Sasa ipeleke kanuni hiyo jikoni. Gramu 10 za hamira kavu zikishanywa maji huvimba na kuwa kama mililita 30 za seli. Katika kikombe cha maji cha mililita 250, hiyo ni zaidi kidogo ya asilimia 10 ya nafasi yote, na mnato hupanda kwa karibu theluthi moja. Kanuni ya Einstein ni ya chembe zilizo mbali mbali. Zikisongamana zaidi huanza kugusana, na mnato hupanda kwa kasi ambayo kanuni hiyo haiwezi kuifuata.

Mfano mzuri uko katika viwanda vya hamira. Hamira hutoka kiwandani kwanza kama malai, yenye takriban gramu 18 za vitu vikavu katika kila gramu 100, nayo hupita kwenye mabomba bila taabu. Ukikamua maji mpaka zifike kama gramu 30, unapata kipande kigumu unachoweza kukikata kwa kisu kama sabuni. Hakuna gundi iliyotiwa. Ndani ya ile malai seli zimechukua takriban nusu ya nafasi. Mipira iliyomwagwa ovyo ovyo ndani ya kikapu hujaa ikifika asilimia 64 hivi, na kuanzia hapo hakuna wa kumpisha mwenzake. Kipande kile kimepita hapo.

Kumbuka basi: mnato unategemea majimaji yenyewe na nafasi ambayo seli zinachukua ndani yake. Chakula kinaweza kuvibadilisha vyote viwili, na hapo ndipo jedwali la binti yetu lilipovurugika.

Sukari kwanza. Maji yenye asilimia 20 ya sukari kwa uzito, yaani gramu 200 za sukari katika gramu 800 za maji, yana mnato karibu mara mbili ya maji matupu. Ikifika asilimia 40 ni mara sita. Asilimia 60 ni zaidi ya mara 50, nayo hiyo ni shira ya kaimati, si maji tena. Kwa hivyo dakika ile ya kutia sukari, uji wa hamira umekuwa mzito kabla hamira yenyewe haijafanya lolote.

Halafu hamira inaanza kula. Ukuta wake una kimeng'enya kinachoikata sukari ya mezani vipande viwili, glukosi na fruktosi, na vipande hivyo ndivyo vinavyoingizwa ndani. Kukiwa hakuna hewa ya kutosha, au sukari ikiwa nyingi, hamira huigeuza kuwa kileo na hewa ya kaboni dioksaidi. Wanafunzi wa kemia, chukueni kalamu: gramu 180 za glukosi hutoa gramu 92 za kileo na gramu 88 za hewa. Karibu nusu ya uzito wa sukari uliyonunua dukani inapaa kutoka kwenye jagi na kupotelea hewani! Kilichobaki ni kileo, ambacho nacho kina mnato wake ndani ya maji, lakini mdogo kuliko wa sukari iliyokizaa. Kwa hivyo sukari ikiliwa, majimaji huwa mepesi. Sishangai hata kidogo kwamba kipimo cha saa mbili baadaye hakilingani na kile cha mwanzo.

Wakati huo huo hewa ile kabla haijapaa hukaa ndani kama viputo. Viputo vidogo vingi hufanya kazi kama chembe: huzuia mtiririko na kuufanya uji uonekane mzito, huku ukiwa mwepesi mkononi. Ukikoroga, vinapasuka na uji unalainika ghafla. Mama mwenye vitumbua analijua hili bila kitabu: rojo lililoumuka likikorogwa kwa nguvu hulala, na vitumbua hutoka bapa kama chapati.

Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hawalidhani. Seli ya hamira haina ukubwa mmoja. Ukiitia ghafla ndani ya sukari nyingi, maji yaliyo ndani yake hutoka nje kuifuata sukari, kama yanavyotoka kwenye kachumbari uliyoitia chumvi. Seli hunywea. Ikinywea, nafasi inayochukua inapungua, na mchango wake katika mnato unapungua pia, ingawa majimaji ya nje yamekuwa mazito kwa ajili ya sukari. Mambo mawili yanavutana, na mara nyingi sukari hushinda. Baadaye seli hujitengenezea gliserini ndani yake ili kuyarudisha maji, lakini kazi hiyo inachukua muda na nguvu. Ndiyo sababu mahamri yenye sukari nyingi huchelewa kuumuka, na ndiyo sababu viwanda huuza hamira ya aina ya pekee kwa donge tamu. Wako wapishi ambao huumua rojo kwanza na kutia sukari nyingi baadaye. Wana haki.

Ngoja nitoke nje ya njia kidogo. Damu yako nayo ni majimaji yenye seli zinazoelea, na kwa mwanamume mzima seli nyekundu huchukua karibu asilimia 45 ya nafasi yake. Wenye ugonjwa wa selimundu huhimizwa wanywe maji mengi, kwa kuwa seli zao zikipungukiwa na maji hujikunja na kukakamaa kwa urahisi zaidi, na damu ikashindwa kupita kwenye mishipa myembamba. Anayedhani kwamba somo la kutiririka kwa seli ni mchezo wa jagi na sukari, na aulize wazazi wa watoto hao.

Turudi kwenye hamira. Sukari huipa nguvu tu. Haitoshi kujengea mwili. Ili seli izae inahitaji nitrojeni ya kutengenezea protini, fosforasi, magnesiamu, zinki kidogo mno, na baadhi ya vitamini za jamii ya B. Hamira iliyoshiba vyote hivi huwa na seli kubwa, na nyingi kati ya hizo zimetoa kichipukizi ubavuni, mtoto ambaye bado hajaachana na mama. Zinapoelea katika majimaji si mpira laini tena, ni mfano wa viazi vilivyoota pacha, na hujigonga zaidi zinapopishana. Ukiinyima nitrojeni lakini ukaiachia sukari, itaendelea kutoa hewa kwa muda, lakini kuchipua kunakoma. Seli hubaki ndogo, za mviringo, kila moja peke yake, zikijiwekea akiba ya wanga na ya sukari moja iitwayo trehalosi.

Viwanda huitumia tabia hii kwa makusudi. Chakula chao kikuu ni molasi, ile shira nyeusi inayobaki baada ya sukari kutolewa kwenye maji ya miwa, na hapa kwetu kiwanda cha Muhoroni kilianzishwa miaka ya sabini kwa nia ya kuigeuza molasi hiyo kuwa alkoholi na hamira. Molasi ina sukari tele lakini imepungukiwa na nitrojeni na fosforasi, kwa hivyo huongezwa amonia na fosfeti. Tena haimwagwi yote mara moja. Hudondoshwa kidogo kidogo huku hewa ikipulizwa kwa nguvu, kwani hamira ikipewa sukari nyingi kwa pamoja hufanya ulevi badala ya kuzaa. Mwishoni hunyimwa nitrojeni ili ijaze trehalosi, na hiyo ndiyo inayoilinda isife ikikaushwa. Kwa hivyo hiyo unayoifungua jikoni ni hamira iliyolazwa na njaa. Ukiitia majini na kuipa chakula, seli zinabadilika umbo mbele yako, ingawa macho hayaoni.

Kuna na kushikana. Hamira nyingi za pombe, sukari ikikaribia kwisha, hushikana na kuwa vishada, kisha huzama chini kama mvua ya unga. Juu ya ukuta wa seli kuna protini zenye mfano wa vidole, na vidole hivyo hushika sukari za aina ya manosi zilizo kwenye ukuta wa jirani. Madini ya kalsiamu husaidia vidole kukaa sawa. Kwa hamira nyingi za namna hii, maadamu glukosi imejaa majini, vidole vimeshika glukosi na havina nafasi ya kumshika jirani. Glukosi ikiisha, vinabaki vitupu na kumkamata aliye karibu. Ni mlo wenyewe uliokuwa ukiwatenganisha.

Kishada hufunga maji katikati yake, kwa hivyo huchukua nafasi kubwa kuliko seli zake zikihesabiwa moja moja, na uji huwa mzito. Lakini ni uzito wa kuvunjika. Ukikoroga kwa nguvu vishada vinaachana na uji unakimbia; ukiuacha utulie, vinarudi. Ni kama ile sosi ya nyanya ya kwenye chipsi, haitoki mpaka utikise chupa, na ikitoka inatoka yote. Majimaji ya namna hii hayana mnato mmoja. Ukiulizwa mnato wake ni upi, nawe una haki ya kuuliza: ukiukoroga kwa kasi gani? Hamira ya mkate imechaguliwa isishikane sana, kwa hivyo simwambii binti kwamba vishada ndivyo vilivyomchezea. Hata hivyo hamira yoyote ikiwa nzito vya kutosha, kama ile malai ya kiwandani, huonyesha tabia hii ya kulainika ikikorogwa. Isipokorogwa, huzama chini. Jagi likikaa, juu kuna maji na chini kuna tope.

Sasa, mwanangu, kuhusu kipimo chako. Kasoro moja iko, nayo si ya namba. Tundu la kifuniko halipimi mnato vizuri. Majimaji yakipita kwenye tundu fupi, kasi yake hutegemea zaidi kina cha majimaji yaliyo juu yake. Unahitaji mrija mwembamba na mrefu, ambamo majimaji yanalazimika kujikwaruza njia nzima. Daktari Mfaransa Jean Poiseuille alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1840 kwa sababu alitaka kuelewa mwendo wa damu. Aligundua kwamba upana wa mrija ukipungua nusu, mtiririko hupungua mara 16. Kwa hivyo tumia mrija ule ule daima na uusafishe kila mara, maana uchafu mdogo tu utakupa jibu la uongo. Mrija mpya wa dripu kutoka duka la dawa unafaa. Utumie wote bila kuukata, na jagi liwe juu ya mdomo wa mrija kwa sentimita 20 tu. Pima muda wa mililita 100, na kila mara uanzie na kina kile kile.

Joto nalo ulishike. Maji matupu ya nyuzi 30 yana mnato pungufu kwa asilimia 20 kuliko ya nyuzi 20. Ukipima asubuhi ya Julai na kurudia mchana, umepima hali ya hewa ya Nairobi. Weka majagi yote ndani ya beseni moja la maji, na uwe na kipimajoto.

Andaa majagi matatu. La kwanza maji na sukari bila hamira. La pili maji, sukari na hamira uliyoiua kwa kuipasha moto kupita nyuzi 60, kisha ukaipoza. La tatu maji, sukari na hamira hai. Pima kila nusu saa kwa saa tatu. Kila mara pima mara mbili: kwanza bila kukoroga, halafu baada ya kukoroga taratibu mpaka viputo vitoke na tope la chini lipande. Andika zote mbili katika safu mbalimbali. Lile la kwanza halipaswi kubadilika. La pili litasogea kidogo, maana seli zilizokufa huvuja. Likisogea la tatu peke yake kwa namna inayoonekana, umemwonyesha mwalimu wako kitu ambacho hakuna awezaye kukipika: tofauti kati ya anayekula na aliyekufa. Tena mpelekee na lile jedwali la zamani kama lilivyo. Kama una muda, ongeza jagi la nne lenye sukari mara tatu, uone hamira inavyozubaa.

Tahadhari moja: usifunge kifuniko cha chupa yoyote yenye hamira hai na sukari. Hewa ile ikikosa pa kutokea itaipasua, na chupa za kioo ni hatari kwa macho.

Kwa mama, aliyeomba kupitia kwa binti yake kujua sababu ya rojo lake kuwa jepesi mno siku za baridi: hamira kavu ya punje ikilowekwa katika maji baridi huvuja kitu kiitwacho glutathioni kabla kuta zake hazijakaza, nacho hulegeza donge la ngano likawa la kunata. Katika mandazi hilo ndilo la kushukiwa kwanza. Rojo la vitumbua ni la mchele, halina uzi ule wa ngano wa kulegezwa, kwa hivyo humo shida ni nyingine: kwa baridi hamira hula polepole, viputo ni vichache, na punje za mchele zinazama chini ya sufuria. Iloweke katika maji ya nyuzi 38 hivi, yale ambayo ukitia kidole huyaoni ya moto wala ya baridi, uiache dakika kumi. Sufuria iwekwe karibu na jiko, si juu yake, na ifunikwe. Kabla ya kuchota, upawa upitishwe chini mara moja tu kuinua mchele, kisha mimina.